Kwaya Haihitaji Chekeche

Kila Januari, kwaya zinapochagua viongozi na kupanga mwaka, husimama mtu na hoja ya kuchuja. Kwa kawaida ni mwenye sauti nzuri, na huanza kwa kusifia: tumetoka mbali, tumshukuru Mungu, ila sasa umefika wakati wa kutazama ubora. Kuna wenzetu wanatushusha. Kwenye besi wapo wawili watatu wananguruma tu, na kwenye sauti ya pili kuna mama ambaye wimbo ukipanda naye anahamia soprano. Kwa nini tusifanye usaili, tukabaki ishirini wanaojua wanachofanya, na hawa wengine tukawapa kazi ya ukarimu? Watu wanaguna, wanatazamana, mwenyekiti anasema hoja ni nzito tukaiombee, na ikifika Machi kwaya imeshagawanyika: kundi la kuimba na kundi la kuchemsha chai.

Hoja hiyo nimeisikia kwa Walutheri, nimeisikia kwa Wakatoliki, nimeisikia hata kwenye kwaya ya kazini isiyo na dhehebu. Imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeona haja ya kuitetea. Kuimba ni kipaji, wanasema. Asiye nacho akae asikilize.

Naipinga, na siipingi kwa huruma. Wapo wanaoijibu kwa huruma: tuchukuliane, ni ndugu zetu, Mungu hatazami sauti anatazama moyo. Jibu hilo linampa mchujaji ushindi wa bure, maana linakubali kwamba watu hawa wanaiharibu kwaya, kisha linatuomba tuharibikiwe kwa upendo. Mimi nasema hawaiharibu. Nasema kwaya ya mtaani inayochuja sauti inashuka kimuziki, palepale inapodai kupanda, na baada ya miaka michache inabaki haina hata wa kumchuja.

Tuanze na hicho kipaji. Ni kweli wapo watu ambao sikio lao haliwezi kupambanua noti moja na nyingine. Ni hali ya kuzaliwa nayo, na wataalamu wanaiita amusia. Swali ni wangapi. Kwa miaka mingi ilikuwa ikitajwa asilimia 4 ya watu wote. Mwaka 2017 Isabelle Peretz wa Chuo Kikuu cha Montreal na mwenzake walichapisha matokeo ya kuwapima maelfu ya watu kwa njia ya intaneti, wakapata kama asilimia 1.5. Chukua hiyo kubwa, asilimia 4: katika kwaya ya watu 40 hawafiki wawili. Basi hao besi wanaonguruma pamoja na yule mama wa sauti ya pili hawawezi wote kuwa ni watu wasiosikia. Watafiti wengine, Peter Pfordresher na Steven Brown, walionyesha mwaka 2007 kwamba wengi wanaoimba nje ya sauti wanapambanua noti kama watu wengine tu. Kinachowashinda ni kuitoa kooni ile noti waliyoisikia vizuri sikioni. Huo ni ufundi wa mwili, na ufundi wa mwili unafundishika.

Namna ya kuufundisha inajulikana kwa mwalimu yeyote wa kwaya mwenye subira. Kaka mgeni anakuja mazoezini kwa mara ya kwanza. Anaambiwa afuate kinanda. Kinanda kinatoa do ya kati, sauti yake iko chini kabisa kifuani, anaitafuta, anaikosa, soprano wanatabasamu wakitazama chini, na mtu huyo ameshakwisha. Mwalimu anayejua kazi anaanza upande wa pili. "Kaka, toa sauti yoyote uliyo nayo. Vuta tu, aaa." Kisha yeye mwalimu ndiye anayeitafuta ile noti kwenye kinanda, anaibonyeza, anaiachia ilie sambamba na mwenzake. Labda ni mara ya kwanza katika maisha ya mtu huyo kusikia sauti yake ikikubaliana na chombo. Kutoka hapo wanapanda hatua moja, wanarudi. Wanapanda mbili, wanarudi. Dakika chache baada ya kila mazoezi, wengine wakiwa wanakunja karatasi na kutafuta daladala.

Halafu kuna suala la mahali pa kusimama, ambalo walimu wengi wanalipuuza kabisa. Besi mchanga asiwekwe pembeni mwa mstari akipakana na tenor, wala asifichwe nyuma kabisa kwa aibu. Asimame mbele ya besi mkomavu, ili noti imwingie sikioni ikitokea juu ya bega. Sikio la mtu aliye kwenye kwaya linapigania kusikia mambo mawili kwa pamoja, sauti yake na sauti za wenzake, na asiyejiamini hujiziba la kwanza kwa kuimba kimoyomoyo au hujiziba la pili kwa kupiga kelele. Ule mngurumo mnaoulalamikia ni hilo. Mpe jirani mzuri, nusu ya ugonjwa imeondoka.

Na yule mama? Yule hana ugonjwa wowote. Anahamia soprano kwa sababu soprano ndiyo wimbo anaoujua tangu utotoni, na kwa sababu sauti ya pili ya nyimbo zetu nyingi ni noti mbili tatu zinazorudiwarudiwa, haina utamu wowote ukiimba peke yako unaosha vyombo. Sisi tunafundishaje? Soprano kwanza, wanarudia mpaka kila aliyemo ukumbini ameukariri, besi wakiwemo. Kisha alto, haraka. Kisha tenor. Kisha besi, giza limeshaingia. Kisha mwalimu anapiga makofi: haya, changanya! Mama anarudi kwenye ile aliyoisikia mara nyingi zaidi, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Siku alto watakapofundishwa kwanza, wakaimba na besi peke yao bila soprano hata kidogo, mtaona anakaa. Huyo mchujaji wa Januari angetumia nguvu zake kudai mpangilio huo wa mazoezi, angetusaidia sana.

Sasa masikio. Wanasema hata kama watu wanafundishika, wachache wazuri watasikika vizuri kuliko wengi mchanganyiko. Hapa ndipo nashangaa, kwa sababu wanaosema hivyo wanajua muziki. Wataalamu wa Stockholm, Johan Sundberg na Sten Ternström, walitumia miaka mingi kupima sauti ya kwaya kwa vyombo, na jambo wanalolieleza ni hili: kinachoifanya kwaya isikike kama kwaya ni sauti nyingi zilizokaribiana bila kufanana kabisa. Huyu yuko juu kidogo, yule chini kidogo, huyu amewahi kwa kufumba jicho, yule amechelewa. Sikio la msikilizaji linashindwa kumtoa mmoja mmoja na linapokea kitu kimoja kipana. Watu wanne hodari hawatoi sauti hiyo. Wanatoa sauti za watu wanne hodari, kila mmoja anasikika, na kosa la kila mmoja linasikika hadi barabarani.

Pumzi pia. Mstari mrefu wa wimbo, ule unaopanda taratibu bila kukatika, hauimbwi na mtu mmoja kwa pumzi moja. Unaimbwa na besi kumi wanaopokezana: huyu akivuta pumzi katikati ya neno, tisa wamebeba, anarudi polepole, hakuna aliyejua. Wakiwa watatu, mmoja akipumua theluthi ya besi imetoweka. Ndiyo maana ile kwaya iliyochujwa, ikiwa na ishirini wake wateule, sauti nne, watano watano, na mmoja wa besi amesafiri, huanza kuomba kipaza sauti. Wakipata kimoja wanataka vinne.

Mwisho wa safari hiyo mnaujua. Wanaingia studio watu wanne au watano, kila mmoja anaimba sehemu yake mara tatu nne, fundi anazilaza juu ya nyingine ili zionekane nyingi, ngoma ya kompyuta chini, na siku ya kupiga video wanarudishwa wote arobaini na sare mpya kufungua midomo ufukweni. Siku ya uzinduzi wa albamu CD inawekwa, watu wanacheza, mgeni rasmi anachangia. Fundi wa studio, kwa kujua au kwa kutojua, amelipwa kutengeneza kwa mashine wingi uleule ambao kamati iliuchuja bure mwezi Januari. Na mshona sare hachuji mtu, tumshukuru yeye. (Nimegundua pia kwamba wito wa kuchuja sauti haumfikii kamwe mwanakwaya anayelipia basi la safari. Huyo huimba anavyotaka.)

Wachujaji hupenda kutaja historia: kwaya kubwa za zamani, wanasema, zilikuwa na nidhamu ya sauti. Nami naitaka historia hiyohiyo. Zile karatasi zenu zenye d, r, m na nukta mbili katikati, ambazo siku hizi zinazunguka WhatsApp, mnajua zilitengenezwa kwa ajili ya nani? Mwalimu wa kike wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, alizianzisha ili watoto wa kawaida wasome muziki bila kuteswa na mistari mitano. Mwaka 1841 mkutano wa walimu wa shule za Jumapili mjini Hull ulimpa mchungaji kijana, John Curwen, kazi ya kutafuta njia rahisi ya kuwafundisha watu kuimba. Curwen hakuwa mwanamuziki wa kusomea. Noti za kawaida zilikuwa zimemsumbua yeye mwenyewe. Aliichukua njia ya Glover, akaisarifu, akaieneza kwa watoto na wafanyakazi. Chombo chote tunachokitumia kiliundwa kwa dhana kwamba mtu yeyote anafundishika. Leo tunakishika mkononi tukiwaambia watu kwamba kuimba ni kwa waliojaliwa.

Matunda yalionekana mapema. Mwaka 1872 na 1873 kwaya ya mamia ya watu kutoka mabonde ya makaa ya mawe ya kusini mwa Wales ilikwenda London kwenye mashindano ya Crystal Palace na kurudi na kombe mara zote mbili. Aliyeiongoza, Griffith Rhys Jones, aliyejulikana kama Caradog, alikuwa ameanza maisha kama mhunzi. Wachimba migodi hawakuzaliwa na koo tofauti na za watu wengine. Walikuwa na mazoezi, na walikuwa wengi.

Njoo karibu na nyumbani. Ule wimbo wa taifa ambao kila mtoto wa Tanzania anausimamia asubuhi, tuni yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, kwa ajili ya wanafunzi wake. Aliandika kwa do-re-mi hizohizo, kwa watoto waliokuwepo darasani. Mwaka 1912 ukaimbwa kwenye mkutano wa kuanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC, ukaenea mpaka Zambia na kwetu. Na waliokua enzi za kaseti wanaikumbuka Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu, kule Tabora, iliyotoka kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Barabara ya 13 ni mahali pa watu kuishi na kulima. Hapakuwa na chuo cha muziki pale, na sauti ile ilifika mpaka kwenye mabasi ya mikoani.

Nakubali kwamba upande wa pili una hoja moja nzito. Mwenye sauti nzuri naye ana haki. Amekuja Alhamisi saa kumi na moja jioni kutoka kazini, anaimba mstari uleule mara ya kumi na mbili kwa ajili ya mwenzake asiyeushika, na hatimaye anachoka, anahamia kwaya nyingine au anakuwa mwimbaji binafsi. Kila mwaka tunapoteza watu hivyo. Lakini mtazame vizuri huyo anayechelewesha wimbo. Mara nyingi si mwenye sauti mbovu. Ni yule soprano nyota ambaye hakuja Jumanne, wala Alhamisi, anakuja Jumamosi wimbo umeshakaa, anaanza kuuliza "hapa mnaingiaje?" na kwaya nzima inarudi mwanzo kwa heshima ya koo lake. Kwaya zetu nyingi zinajifunza kwa masikio na kwa kurudia. Asiyekuwepo, karatasi peke yake haimwokoi. Kwa hiyo kama kamati lazima ichuje kitu, ichuje mahudhurio. Aliyekosa mazoezi mawili asiimbe Jumapili, awe nani. Nimependekeza hilo mahali fulani. Wote waliokuwa wamesimama kutetea ubora walikaa.

Wengine hutetea kwaya ya watu wote kwa hoja ya afya, kwamba kuimba kunashusha presha na kuondoa upweke. Sitaitumia. Inaweza kuwa kweli kabisa, lakini ukianza kuitetea kwaya kama zahanati umeshakubali kwamba kama muziki haina maana.

Kuna jambo jingine ambalo kamati ya uchujaji hailipigii hesabu, nalo ni misiba. Kwaya ya mtaani haiimbi Jumapili tu. Inaimba Jumatano saa sita mchana, juani, nyumbani kwa watu, kisha makaburini. Siku hiyo nani anakuja? Wale ishirini wateule wako ofisini, na siwaombei mabaya; wana waajiri. Anakuja mzee mstaafu wa besi, anakuja mama wa sauti ya pili mwenye genge lake analoweza kulifunga saa mbili, anakuja kijana asiye na ajira aliyeshika tenor juzijuzi. Bila hao, marehemu anazikwa kwa spika ya kukodi. Mwaka mzima tunawaambia hawafai kuimba, kisha tunawapigia simu kila pakitokea msiba, na wanakuja, na wanaimba sauti nne. Nimesimama nao. Wanaimba vizuri, kwa sababu kundi hilo dogo limeimba nyimbo zilezile pamoja mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote parokiani.

Na hao wateule walitoka wapi? Waulize. Huyu aliletwa na shangazi yake akiwa kidato cha pili, akikwaruza sauti iliyokuwa inavunjika. Yule alikaa miaka akifuata mdomo wa jirani. Somo la muziki halifundishwi katika shule nyingi za nchi hii. Ukitaka kusomea ipo taasisi ya sanaa ya TaSUBa pale Bagamoyo, vipo vyuo vikuu vichache, Makumira, Dar es Salaam, na ada zake. Fundi umeme wa miaka 34 anayetaka kujua besi ni nini ana mlango mmoja tu usio na ada, ni ule wa ukumbi wenu. Mkiufunga kwa miaka mitano, wa sita mtatafuta tenor wa kununua kutoka parokia ya pili. Tayari zipo kwaya zinazofanya hivyo kabla ya mashindano, zinawaazima waimbaji kama timu ya mchangani inavyoazima mshambuliaji, halafu siku ya Pasaka aliyeazimwa yuko kwao na huku pengo linasikika.

Anayetaka kundi teule aliunde. Sina ugomvi naye hata kidogo, nchi inahitaji makundi ya waimbaji hodari wa kulipwa, na nitanunua tiketi. Apange ukumbi, alipe mpiga kinanda, afanye usaili wake. Asilichukue jina la kwaya ya mtaa, kabati lake la sare na kinanda ambacho watu walichangishana miaka mitatu, akawaachia wenye kinanda birika la chai. Akija kuomba ukumbi wa mazoezi apewe Jumatatu au Ijumaa. Jumanne na Alhamisi pana watu.